Mtu Akiumia Barabarani, Kaunti Hulipa Lini?

Haya ni maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa katika baraza la wananchi kuhusu usalama wa barabara, mitaro na taa za mitaa.



Chukueni mfano huu. Mama anayeuza mboga anafunga kibanda chake saa moja na nusu jioni. Taa ya barabarani iliyo karibu na soko haijawaka tangu mwezi uliopita, na kifuniko kimoja cha mtaro kilivunjwa na lori na hakikurudishwa kingine. Giza limeingia. Anakanyaga pale anapokanyaga kila siku, lakini safari hii hakuna kitu chini. Kifundo cha mguu kinavunjika. Anakaa na plasta wiki sita, mboga zinaoza, karo ya mtoto inakopwa kwenye chama. Majirani wanampa pole, wanasema ni bahati mbaya, na jambo linaishia hapo. Mwaka mmoja na miezi miwili baadaye anakutana na mtu anayemwambia kwamba angeweza kudai fidia. Anakwenda kwa wakili na karatasi zake zote za hospitali ndani ya bahasha. Wakili anaangalia tarehe, anatikisa kichwa. Muda umekwisha.

Huo ni mfano tu, haumhusu mtu yeyote aliyepo. Lakini mtaro wa namna hiyo si kitu kigeni kwa mtu yeyote hapa, na wanaojua kwamba sheria ina saa yake ni wachache. Saa hiyo huanza kuhesabu siku ile ile mtu anapoumia.

Kwanza ifahamike kwamba kaunti hailipi kwa sababu tu mtu ameumia kwenye barabara yake. Anayedai lazima athibitishe uzembe. Yaani aonyeshe kwamba kaunti ilikuwa na wajibu wa kutunza usalama wa mahali pale, kwamba haikufanya yale ambayo mtu mwangalifu angeyafanya, na kwamba majeraha yalitokana na kosa hilo wala si jambo jingine. Mambo hayo matatu yakikosekana, hata moja, kesi haisimami, hata kama majeraha ni mabaya kiasi gani.

Swali la kwanza kabisa ni: barabara hii ni ya nani? Hapa ndipo kesi nyingi zinapoanza vibaya, kwa sababu lami haina jina la mwenyewe. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeipa Serikali ya Kitaifa barabara kuu za nchi, na limezipa kaunti barabara za kaunti, taa za mitaa, utaratibu wa magari na maegesho, na uchukuzi wa umma. Barabara kuu za daraja la S, A na B ziko chini ya Mamlaka ya Barabara Kuu, KeNHA. Anayeanguka kwenye shimo la A8, barabara ile inayotoka Mombasa hadi Malaba, hana kesi dhidi ya kaunti hata kama shimo liko mbele ya ofisi ya gavana. Ziko pia barabara zinazotunzwa na KURA mijini na KeRRA mashambani, mamlaka zilizoundwa pamoja na KeNHA na Sheria ya Barabara ya 2007. Tangu ugatuzi uanze kumekuwa na mabishano ya muda mrefu kuhusu ni zipi kati ya hizo zinapaswa kuwa mikononi mwa kaunti. Mwananchi aliyeumia hana haja ya kuyamaliza mabishano hayo. Haja yake ni kuuliza kwa maandishi. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inamlazimu afisa wa umma kujibu ombi la habari ndani ya siku 21, na swali kama "nani anatunza barabara hii kutoka soko hadi zahanati?" ni swali halali. Jibu lisipopatikana mapema, mawakili huwashtaki wote wawili wanaodhaniwa, kisha mahakama iamue.

Baada ya hapo huja swali la wajibu wenyewe, na hili lina historia inayofaa kusimuliwa, maana bado kivuli chake kipo. Mwaka 1788 nchini Uingereza, mkokoteni wa mtu mmoja uliharibika kwa sababu daraja la kaunti ya Devon halikuwa limekarabatiwa. Kwa kuwa hapakuwa na serikali ya kaunti ya kushtaki, aliwashtaki wanaume wote wakazi wa Devon kwa jumla. Mahakama ilikataa madai yake. Sababu kubwa ilikuwa kwamba wakazi hao hawakuwa na mfuko wa pamoja wa kulipia, na majaji waliona ni afadhali mtu mmoja aumie kuliko umma wote usumbuke. Kutokana na mawazo hayo ilikua kanuni ya ajabu kidogo: mamlaka ya barabara iliyoacha kukarabati haikulipa, lakini iliyokarabati vibaya ililipa. Mwenye kuziba shimo kwa kiraka kibovu alishtakiwa, na asiyeligusa kabisa alilala usingizi.

Sheria ya Uingereza iliingia Kenya. Sheria ya Mahakama, Sura ya 8, inasema kanuni za sheria ya kawaida ya Uingereza zilizokuwapo tarehe 12 Agosti 1897 hutumika hapa kadiri hali ya nchi na ya wakazi wake inavyoruhusu. Waingereza wenyewe waliifuta kanuni hiyo ya kutolipa kwa sheria ya mwaka 1961, iliyoanza kutumika 1964. Tangu wakati huo halmashauri ya kule hujitetea kwa kuonyesha kwamba ilichukua hatua zote zilizofaa. Mahakama ya juu kabisa ya Australia nayo iliitupa kanuni hiyo mwaka 2001.

Kwa Kenya, jambo lililobadilisha mambo ni Katiba. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji haki ya kupata huduma za kiwango kinachofaa, na haki ya kulipwa fidia kwa hasara au majeraha yanayotokana na kasoro. Kisha kinaongeza kwamba haya yanazihusu pia huduma zinazotolewa na taasisi za umma. Ile sababu ya majaji wa 1788, kwamba hakuna mfuko, nayo haipo tena. Kila kaunti ina Hazina ya Mapato chini ya Kifungu cha 207, ina bajeti, na hushtaki na kushtakiwa kwa jina lake. Wakili wa serikali anaweza bado kuleta hoja ya "hatukugusa, kwa hiyo hatudaiwi." Ni hoja dhaifu kuliko ilivyokuwa, na kaunti inayoitegemea inajidanganya.

Hata hivyo sheria haitaki kaunti ifanye miujiza. Haiulizi kama barabara ilikuwa na shimo. Huuliza kama kaunti ilijua kuhusu shimo, au ilipaswa kujua, na ikiwa ilijua, ilifanya nini na kwa haraka gani. Shimo lililofunguka usiku wa mvua na mtu akaangukia humo alfajiri ni tofauti na shimo ambalo wanafunzi wamelizunguka muhula mzima. Kalvati iliyosombwa na mafuriko ya Aprili 2024 ilivunjwa na maji, si na uzembe wa mtu. Lakini ikiwa Julai bado pako wazi, hakuna kizuizi, hakuna alama, hakuna hata jiwe lililopakwa chokaa, Kudra ya Mungu haiwezi kubeba lawama ya miezi mitatu hiyo. Kuweka utepe na kibao cha onyo hakuhitaji zabuni.

Ndiyo maana karatasi yenye nguvu kuliko zote katika kesi za aina hii ni ile iliyoandikwa kabla ya mtu kuumia. Barua ya mistari mitano kwa msimamizi wa wadi, yenye tarehe, jina la mahali na maelezo ya hatari, ikapigwa muhuri wa kupokelewa na nakala ikabaki kwa mwandishi, inamaliza ubishi wa "hatukujua." Malalamiko ya mdomo kwenye baraza hupotea na upepo, isipokuwa yameingizwa kwenye kumbukumbu za mkutano. Ujumbe wa simu kwa mwakilishi wa wadi ni afadhali kuliko kimya, lakini mwakilishi wa wadi ni wa bunge la kaunti, hatengenezi barabara. Barua ipelekwe kwa idara ya barabara, na nakala kwake. Wenye kamati za soko, shule na vyama vya bodaboda wanafaa kuwa na daftari la barua hizo. Zaidi ya hayo, barua ya namna hiyo inaisaidia idara yenyewe, kwa maana mhandisi akiwa na barua mezani hupata hoja ya kuombea fedha.

Wako wengine pia wanaochimba barabara. Kampuni ya maji hupasua lami kurekebisha bomba, watu wa nyaya za intaneti huchimba mtaro wa urefu wa kilomita nzima, mkandarasi huacha rundo la kokoto katikati ya njia bila taa. Aliyeacha hatari ndiye wa kwanza kudaiwa, lakini kaunti iliyotoa kibali na isiyokagua kazi haiwezi kusimama kando na kunyosha kidole. Mahakama inaweza kuwaona wote wawili wamekosa na kugawanya lawama kwa asilimia. Ndani ya mkataba wa ujenzi huwa kuna kipindi ambacho mkandarasi anawajibika kwa kasoro, na mara nyingi huwa kuna sharti la bima. Kaunti ikishtakiwa inaweza kumvuta mkandarasi ndani ya kesi. Aliyeumia na aandike maneno yote yaliyo kwenye kibao cha mradi: jina la mkandarasi, nambari ya zabuni, tarehe ya kumaliza.

Na vipi kuhusu vifuniko vya mashimo ya majitaka vinavyoibwa na kuuzwa kama chuma chakavu? Mwizi ana hatia, bila shaka. Biashara hiyo ya chuma chakavu ilipigwa marufuku kwa miezi kadhaa mwaka 2022 kwa sababu ya uharibifu wa mali ya umma. Lakini wizi unaojulikana na kila mtu mtaani ni wizi unaotarajiwa, na shimo lililobaki wazi wiki kadhaa baada ya kuripotiwa linarudi kuwa swali la kaunti, au la kampuni ya maji ikiwa mfumo ni wake.

Neno moja kuhusu matuta. Baadhi ya wakazi, wakichoshwa na madereva wa kasi, hujenga matuta yao wenyewe kwa udongo na mawe usiku. Nia yao inaeleweka. Lakini mwendesha pikipiki akirushwa na tuta lisilo na alama, waliolijenga ndio watakaotafutwa, na si kaunti peke yake. Ombi la tuta huandikwa kwa idara ya barabara.

Mahakama pia humwangalia aliyeumia. Mhudumu wa bodaboda aliyekuwa akienda kasi bila kofia na jaketi la kuakisi mwanga, vitu ambavyo Sheria ya Trafiki inavitaka, atapunguziwa fidia kwa kiasi cha kosa lake. Ikiwa fidia ingekuwa shilingi 600,000 na mahakama ikaona yeye mwenyewe alichangia asilimia 40, atapata 360,000. Mlevi aliyeanguka kwenye mtaro si lazima akose yote, ila asitarajie kupata yote.

Sasa ile saa. Watu wengi wamesikia kwamba kesi ya ajali ina miaka mitatu. Hiyo ni kweli kwa ajali ya matatu au gari la mtu binafsi, na kwa kuwa ndizo kesi zinazozungumzwa zaidi, miaka mitatu imekaa vichwani. Kwa mamlaka za umma mambo ni tofauti. Sheria ya Muda wa Kushtaki Mamlaka za Umma, Sura ya 39, inatoa miezi 12 tu kwa madai ya uzembe dhidi ya Serikali au mamlaka ya mitaa, na kwa kawaida jaji hawezi kuongeza muda huo kwa huruma. Sheria hiyo iliandikwa enzi za halmashauri za zamani, kwa hiyo wapo wanaoweza kubishana kama neno hilo linaingiza kaunti. Asibahatishe mtu. Ahesabu miezi 12. Mtoto ana nafuu fulani kisheria, lakini mzazi mwenye busara hangoji mtoto afikishe miaka 18 ndipo atafute mashahidi wa shimo lililozibwa zamani.

Kwa KeNHA, KURA na KeRRA, kifungu cha 67 cha Sheria ya Barabara kina mitego miwili. Kesi ifunguliwe ndani ya miezi 12, na kabla ya kuifungua, notisi ya maandishi yenye maelezo ya madai iwe imefika kwa Mkurugenzi Mkuu angalau mwezi mmoja kabla. Maana yake ni kwamba anayekumbuka mambo mwezi wa 12 amechelewa tayari. Mwezi wa 11 ndio ukingo. Kwa upande wa Serikali, sharti la notisi ya siku 30 lililokuwa kwenye Sheria ya Kesi za Serikali lilitangazwa na Mahakama Kuu mwaka 2012 kuwa kinyume cha Katiba, kwa sababu lilimzuia mtu kufikia haki. Hata hivyo barua ya madai iandikwe mapema. Wakati mwingine hulipa bila kesi, na gharama ya wakili hupungua.

Akiumia mtu, apelekwe hospitali kwanza. Mambo ya karatasi yafuate siku hiyo au kesho yake, yakishughulikiwa na ndugu kama mwenyewe hawezi. Ajali iliyohusu gari au pikipiki iripotiwe polisi, na nambari ya OB iandikwe mahali pa kudumu. Fomu ya P3 ijazwe na daktari. Picha za mahali zipigwe kabla idara haijaja kuziba, maana ikisikia ajali huja upesi ajabu. Kando ya shimo pawekwe kitu kinachojulikana ukubwa wake, kiatu au chupa ya maji, na picha nyingine ichukuliwe kwa mbali ionyeshe duka au mti ulio karibu. Majina ya walioona yaandikwe pamoja na nambari za simu. Risiti zote zihifadhiwe, hata ya shilingi 50 ya tembe, kwa sababu mahakama hailipi gharama iliyotajwa bila uthibitisho. Mfanyabiashara mdogo asiye na hati ya mshahara anaweza kuonyesha mapato yake kwa taarifa ya M-Pesa ya miezi ya kabla na baada ya ajali. Wengi hawalijui hilo, na huishia kulipwa maumivu tu huku siku walizokosa kazi zikipotea.

Madai yasiyozidi shilingi milioni moja yanaweza kupelekwa Mahakama ya Madai Madogo mahali ambapo ipo. Sheria yake ya 2016 inataja fidia ya majeraha ya mwili, utaratibu wake ni mwepesi, na mtu anaweza kujisimamia mwenyewe. Madai makubwa huenda kwa hakimu wa kawaida au Mahakama Kuu. Mtu akifariki, familia yake, yaani mke au mume, watoto na wazazi, wana haki chini ya Sheria ya Ajali za Vifo, Sura ya 32. Hata wao wasichelewe, kwani anayeshtakiwa ni mamlaka ya umma.

Kuna jambo la mwisho ambalo mawakili huwa hawalisemi mapema. Kushinda si kulipwa. Sheria ya Kesi za Serikali, kifungu cha 21, inazuia mali ya serikali kukamatwa na kuuzwa ili kulipa deni la hukumu, na ulinzi huo umeongezwa kwa serikali za kaunti. Hakuna dalali atakayechukua trekta la kaunti. Aliyeshinda huchukua cheti cha amri kutoka mahakamani, akipeleke kwa afisa anayehusika na fedha, na asipolipwa arudi Mahakama Kuu kuomba amri ya kumlazimisha afisa huyo kutekeleza wajibu wake. Huchukua muda. Na pesa zenyewe hutoka kwenye bajeti ile ile ambayo ingenunua vifuniko vya mitaro na balbu za taa, jambo ambalo idara ya barabara na idara ya fedha zingefaa kulipigia hesabu pamoja kila mwaka. Mkazi anaweza kuomba kuonyeshwa madeni ya hukumu za ajali ambazo kaunti haijalipa, kwa sheria ile ile ya habari na ndani ya siku zile zile 21, kisha aende na orodha hiyo kwenye kikao cha wananchi cha kujadili bajeti.